Jina la Aliyemzaa Saila

Ghorofa ya tisa, Barabara ya Markham,
Scarborough, Toronto,
Kanada.

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Mfaume,

Asalaam aleikum, na shikamoo kaka yangu. U hali gani? Mwanao Chande ameniambia umeshafika kwake Mbagala, unalala vizuri, na daktari amekukataza chumvi na sukari. La chumvi naamini umelikubali. La sukari najua unamzunguka wifi Somoe, na najua mahali unapoificha, kwa sababu ndipo ulipokuwa ukiificha tangu tukiwa watoto.

Nimeambiwa pia kwamba tarehe kumi na nane wanakufungua kifua. Kwenye simu nilisema usiwe na wasiwasi, siku hizi ni jambo dogo. Nilisema hivyo kwa sababu wajukuu walikuwa wanasikiliza. Hapa nasema kweli: naogopa, kaka. Nimefanya kazi hospitalini miaka ishirini na sita, nikiwageuza wagonjwa vitandani na kuwaosha, na naogopa.

Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza na magoti yangu yameshanipa taarifa. Hira, mke wa mwanangu Kamil, ana mimba ya miezi saba. Walipimwa, ni mtoto wa kiume, atazaliwa Januari inshallah. Hira anakula embe mbichi zenye pilipili mchana kutwa, na mimi ndiye ninayetumwa kwa basi kuzitafuta.

Barua hii anakuletea Ummulbanin. Unamkumbuka, binti wa yule Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Lindi, aliyekuwa anatoroka kwao kuja kula mihogo kwetu. Leo ni bibi kama mimi, yuko ghorofa ya nne, na Kiswahili chake bado kina harufu ya Lindi kuliko changu. Anaondoka Alhamisi na atakaa Dar wiki mbili. Nimemwomba akupe mkononi mwako, si kwa Chande wala kwa wifi.

Ningeweza kupiga simu, lakini mara ya mwisho nilipokuuliza jambo hili kwenye simu ulisema ni mambo ya wanaume, ukanikatia. Barua huwezi kuikatia. Jambo lenyewe ni jina letu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua nilivyofika huku mwaka tisini na moja, mimi na Kamil wa miaka minne. Na baba yake tulikuwa tumeshaachana. Pale uwanja wa ndege nikapewa fomu. Kwetu mtu ni yeye, halafu baba yake, halafu babu yake, na yatosha. Fomu ile ilitaka jina langu na jina la ukoo. Ukoo gani? Nikaandika Rashida Idi, na kule nyuma nikaweka la Babu. Sisi tunamwita Saila, lakini unakumbuka cheti chake cha kazi ya dispensari, yule sista wa misheni alimwandika kwa Kijerumani, Seiler, na hivyo ndivyo lilivyofuata kwenye vyeti vya Baba na vyetu. Afisa akataka mama na mtoto wawe na jina moja, basi Kamil naye akawa Seiler. Jina la mtu mmoja, tena jina lake la kuitiwa uani, nikaligeuza ukoo kwa kalamu ya kuazima.

Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na silijutii sana. La pili ndilo linaloniuma. Kamil alipokuwa na miaka tisa, mwalimu aliwaambia watoto waulize nyumbani majina yao yametoka wapi. Akaniuliza kama letu ni la Kijerumani. Nikasema ndiyo, ni la Mjerumani mmoja wa zamani. Akauliza, babu yetu? Nikamwambia ale chakula chake.

Sikusema ndiyo, kaka, lakini sikusema hapana. Kesho yake akachomeka kibendera cha Ujerumani kwenye ramani ya darasani, mwalimu akamsifu, na mimi nikaona mtoto wangu mweusi katika darasa lile amepata mahali pa kusimama. Nikanyamaza, na nimenyamaza miaka ishirini na tisa.

Mwaka huu mwezi wa Machi akaandikiwa na mzee mmoja anayeitwa Willy Seiler. Ana miaka themanini na saba, anakaa Kitchener, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa. Mji huo umejaa watu wa asili ya Ujerumani, hata zamani uliitwa Berlin. Mzee huyo anaandika kitabu cha ukoo wao na anamtafuta kila Seiler aliye hai. Kamil alikuja kwangu na simu mkononi, macho yanang'aa.

Tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa Mei. Willy ni mtu mwema, nalisema mapema ili usimchukie. Alitupokea mlangoni kwa mkongojo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa ametafuta kuku wa kuchinjwa Kiislamu, akaniwekea karatasi ya bucha mezani nihakikishe mwenyewe. Kila alipokuwa mwema, mimi nilizidi kusutwa na nafsi.

Kitabu chao kinaanza mwaka 1612, katika mji mdogo kando ya mto Neckar. Wa kwanza kuandikwa alikuwa anasokota kamba, kamba za mashua na za kengele za kanisa, na ndiyo maana ya jina hilo kwa lugha yao: msokota kamba. Wanawe wakafuata kazi hiyo vizazi vitano. Kisha njaa ikawatawanya. Wengine walikwenda Pensilvania, wengine mashariki kuelekea Urusi, na Willy mwenyewe aliletwa Kanada akiwa kijana wa miaka kumi na minne, baada ya vita. Kila tawi lina mstari wake na tarehe zake. Kamil aliusoma ukurasa ule wa kwanza kwa sauti, akanigeukia akitabasamu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mababu zetu walikuwa mafundi wa kamba. Niliomba kwenda msalani. Nilikaa humo nikiwa nimeshika beseni mpaka Hira akaja kugonga.

Sasa sikiliza. Katika kitabu hicho kuna ukurasa wa mdogo wa babu yake Willy, anaitwa August. Alikwenda Afrika Mashariki, akawa bwana mdogo kwenye boma moja la Wajerumani bara ya Lindi, mwaka 1905 mpaka 1907. Mwaka uliofuata akafa kwa homa. Chini yake wameandika kwamba inasemekana aliacha mtoto. Inasemekana na nani? Na yule yule sista wa dispensari. Mwaka 1931 aliwaandikia jamaa zake August kwamba kule Lindi yupo kijana mmoja, mchapakazi, jina lake Seiler. Hakusema zaidi ya hapo. Wao wakajaza waliyotaka, kama Kamil alivyojaza. Kwa miaka zaidi ya tisini, watu wale wamekuwa na huzuni ya mtoto wao aliyepotea Afrika, na mtoto mwenyewe ni Babu yetu aliyekuwa akiosha bandeji.

Wewe unajua Babu alipewaje jina lile. Mimi niliambiwa na Bibi nilipokuwa na miaka kumi na miwili, tukimenya mihogo uani. Nilimuuliza kwa nini Babu ana jina la kizungu. Akaniambia, wakati wa vita vya Maji Maji baba yake Babu aliitwa bomani kwa Bwana Seiler akanyongwa, na mkewe alikuwa mjamzito. Alipojifungua, watu wakangoja ampe mtoto jina la marehemu. Yeye akampa jina la yule bwana. Ndugu zake wakadhani amerukwa na akili. Bibi alisema mama mkwe wake aliwajibu hivi: "Jina hili lilimwita mume wangu, akaenda, hakurudi. Sasa nitaliita mimi. Nikiliita litaitika, na nikilituma maji litakwenda."

Nikamuuliza Bibi, na huyo mume aliitwa nani? Akasema bomani walikuwa wanawasaka jamaa za walionyongwa, kwa hiyo mama yule alilificha jina la mumewe, na tangu siku hiyo linapita kwa mtoto wa kwanza wa kiume tu, baba anapokaribia kufa. Basi. Akaniambia nimenye mihogo.

Nirudi kwa Willy. Mkutano mkubwa wa ukoo ulikuwa tarehe kumi na moja Oktoba, wikiendi ya sikukuu ya shukrani. Walikuja watu kama hamsini kwenye ukumbi wao, wengine kutoka Marekani. Wiki nzima kabla yake sikula vizuri. Mara tatu niliinua simu nimwambie Kamil, mara tatu nikaishia kumuuliza kama Hira anakunywa maziwa. Nilijidanganya kwamba tutakwenda, tutakula, tutapiga picha, tutarudi. Nani angeumia? Mtu aliyenyongwa hayupo na aliyemnyonga hayupo.

Baada ya chakula Willy akasimama. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa August. Akasema tawi lililokatika limerudi, na kwamba anamwomba mkubwa aliyepo wa tawi la Afrika aje aandike majina kwa mkono wake: Saila, Idi, Mfaume, Rashida, Kamil, na mtoto anayekuja. Watu wakapiga makofi. Akanipa kalamu.

Nilikwenda, kaka. Niliinama kabisa. Kando ya pale nilipotakiwa kuandika palikuwa na picha ya August, ameketi mbele ya boma, mguu juu ya mguu. Hakuwa na sura mbaya. Ni kijana tu mwenye masharubu, umri kama wa Chande. Nilimtazama, na mkono ukagoma. Ningemwandika Babu chini ya mtu yule kama mwanawe, kwa mkono wangu, na mama yule aliyebaki na mimba angekuwa amefanya aliyoyafanya bure.

Kiingereza changu kinanitosha hospitalini na benki. Lakini jambo lile sijawahi kulisema kwa lugha yoyote ila yetu. Nikamwita Kamil asimame karibu yangu anitafsirie. Alidhani ni salamu. Unajua watoto wa huku, Kiswahili wanakielewa chote na kukujibu kwa Kiingereza. Tangu shule ya msingi sikumbuki Kamil kunijibu kwa Kiswahili zaidi ya shikamoo.

Nikamwambia, "Mwambie hivi. Huyu hakumzaa babu yangu. Huyu ndiye aliyemnyonga mtu aliyemzaa babu yangu."

Kamil alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu ukisubiri.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "rudia."

Nikarudia, nikaongeza na yale ya jina kupewa mtoto. Akageuka, akawaambia. Nililazimika kusimama pale nikimsikiliza mwanangu akitamka yote hayo mbele ya watu, naye akiyasikia kwa mara ya kwanza katika kinywa chake mwenyewe. Sitajisamehe haraka kwa hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa ya kumwambia nyumbani, kwa upole, akiwa amekaa.

Binti yake Willy akasimama akasema maneno makali. Kwamba hizo ni hadithi za vikongwe, ushahidi uko wapi, na kwamba kama nilijua, kwa nini nilikula kwanza. Kuhusu kula alikuwa na haki. Wengine walianza kukusanya makoti. Willy akainua mkono, wakanyamaza. Halafu akamuuliza Kamil swali moja, na Kamil akanitafsiria, tena kwa Kiswahili.

"Anauliza, huyo aliyenyongwa aliitwa nani?"

Kaka, nimeulizwa maswali mengi na Wazungu. Nimeulizwa kama Afrika kuna simba mitaani. Hakuna swali lililonivua nguo kama hilo. Mjerumani wa miaka themanini na saba ananiuliza jina la mtu wangu, damu yangu, na mimi niliyemtetea mbele ya watu hamsini simjui jina. Nilisema sijui. Willy akachukua kalamu mkononi mwangu, akapiga mstari juu ya yale maneno kwamba August aliacha mtoto, akaacha nafasi chini yake, akafunga kitabu.

Njiani kurudi Kamil aliendesha akitazama mbele tu. Alipotufikisha mlangoni akasema kwa Kiingereza kwamba nilimwacha aone fahari kwa jina la muuaji, akaondoka. Siku tisa hakupokea simu zangu. Hira ndiye aliyekuwa ananiletea habari kwa siri, na ndiye aliyeniambia kwamba Kamil anataka kwenda mahakamani alifute jina la Seiler kabla mtoto hajazaliwa.

Siku ya kumi Willy akanipigia mimi mwenyewe. Alikuwa na sanduku la barua za August ambazo baba yake alimkataza kuzifungua. Amezifungua. Katika barua moja ya mwaka 1906 August anamweleza kaka yake habari za mvua, za nyumbu aliyekufa, na katikati ameandika kwamba Ijumaa wamenyonga kumi na moja. Majina hakuyaandika. Willy alinisomea polepole, na alipofika kwenye kumi na moja akalia. Binti yake ameisoma pia, na ameniletea salamu. Willy anasema nafasi ile ya kitabuni ni ya jina la mtu wetu, na haitaandikwa kitu kingine, na anaomba Mungu amweke mpaka aliandike.

Kwa hiyo ona tulipofika. Kwao halikuandikwa. Bomani kama liliandikwa, limeliwa na mchwa. Bibi hakuambiwa, mimi sikuambiwa. Baba alipokuwa mahututi mwaka tisini na nane alikuita wewe peke yako chumbani, wengine wakatolewa nje, wifi Somoe alinieleza mwenyewe. Chande nilimuuliza juzi kwa kuzunguka, hajui lolote. Jina hilo halipo popote duniani ila kifuani mwako, na kifua hicho kinafunguliwa tarehe kumi na nane.

Usiseme ni mambo ya wanaume. Aliyelificha alikuwa mwanamke, kwa sababu kulikuwa na watu wa kuogopa. Nimekwenda hadi kwa watu hao, nimekula kuku wao, na anayelisubiri jina ni mzee mwenye mkongojo anayelia kwenye simu. Wa kumwogopa sasa ni nani? Na usiseme ulimwapia Baba. Uliapa kulitunza. Likizikwa na wewe hujalitunza, umemaliza ile kazi ya Ijumaa. Nisamehe kwa neno hilo kaka, nimelifikiria usiku na mchana na silifuti.

Juzi Ijumaa Kamil alikuja. Alikaa jikoni, akanywa chai, akatazama dirishani. Nikamwambia, lile jina ukilifuta unafuta alilofanya mama yule. Yeye hakumpa mtoto jina la muuaji kwa kumheshimu. Alimnyang'anya. Lilikuwa la bwana wa boma, likawa la mtoto wa kutumwa maji, likawa la Babu yetu aliyetubeba mabegani. Mimi silioni tena kama la August. Halafu Kamil akasema, kwa Kiswahili cha kujikwaa lakini kwa mpango mzuri, kwamba atalibakiza kwa sharti moja. Mtoto apewe jina la yule aliyenyongwa. Litangulie mbele, ndilo liitwe kila siku, na Seiler lifuate nyuma lilipo.

Nimemwahidi nitakuomba. Wewe ndiwe mjomba wake, na kwetu ruhusa kama hiyo haitoki kwingine. Liandike kwenye karatasi, ufunge kwenye bahasha, umpe Ummulbanin. Hatalifungua, ameshaapa. Ukiona mkono unatetemeka, mwite Chande aandike wewe ukitamka, na hapo utakuwa umemwambia na yeye. Lakini ufanye kabla ya tarehe kumi na nane. Ukitoka salama, inshallah, utalitamka mwenyewe kwenye simu siku ya akika, na mimi nitakuwa wa kwanza kukucheka kwamba nilikusumbua bure.

Nisalimie wifi Somoe, mwambie kanga alizonitumia nimemgawia Hira na sasa Hira anajifunga kuliko mimi. Nisalimie Chande na mkewe, na wajukuu wote hadi yule mdogo anayekata simu. Ukipata mtu wa kwenda Lindi, amsalimie kila aliyebaki mtaani kwetu na apite makaburini kwa Baba, Babu na Bibi. Kamil na Hira wanakuamkia. Willy naye aliniomba nikusalimie, na nimeona si vibaya kuzifikisha salamu zake.

Mungu aiongoze mikono ya madaktari, akurudishie moyo wako mahali pake, akuache ukae nasi uzeeke mpaka uchoke na sukari.

Mimi nikupendaye tangu uliponibeba mgongoni, dada yako,

Rashida binti Idi bin Saila bin ........................